UZI: Vuli na watoto, majani, giza la mapema na Neno. Nyie mnafanyaje?

MtiMmoja (mleta uzi)

Bwana asifiwe wapendwa, na wasiosali karibuni pia maana majani yanamwangukia kila mtu.

Kila ikifika mwezi wa tisa sisi wazazi tunaoishi nchi za majira manne tunaanza kuulizana tuwapeleke wapi watoto kabla baridi haijatufungia ndani, na majibu ni yale yale, nenda shamba la maboga, piga picha, rudi, bandika. Leo naleta la kwetu mlichambue na mniongezee ya kwenu. Na nikisema vuli humu namaanisha msimu wa majani kupukutika, sio zile mvua, jina ndio hilo hilo tuvumiliane.

Mwaka wa kwanza niliharibu kabisa. Nilijiandaa kama mwalimu anayesubiri mkaguzi, nikachapisha karatasi tano tano kwa kila mtoto, maswali ya kujaza, mistari ya kukariri, kiboksi cha kubandika jani, tukaingia msituni Jumamosi asubuhi umande haujakauka. Dakika kumi karatasi zimelowa, wa kati analia soksi imeingia maji, mkubwa ananiuliza "mama hii ni homuweki?" na mimi bado nimeshika biro nasema tumalize kwanza ukurasa wa pili. Baba yao akanitazama tu. Tulirudi kwenye gari kimya, kila mtu na dirisha lake.

Wiki iliyofuata sikuandaa kitu, kwa kususa kusema kweli. Tumetoka ibadani, tunakatiza bustani ya jirani na kanisa, mdogo wangu wa miaka minne akakumbatia mti akasema huu wangu. Basi. Tukauita Zakayo. Ni mepo, ule ambao jani lake limekaa kama kiganja kilichofunguliwa, mkuyu wa Zakayo wa Luka 19 ni mti mwingine kabisa lakini nani ataenda kumwambia mtoto.

Tangu hapo vuli yetu ni mti mmoja. Kila Jumapili baada ya ibada tunapita kwa Zakayo mpaka Majilio yaanze, na kwa kuwa Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, ukihesabu kuanzia mwisho wa Septemba ni Jumapili kama kumi hivi. Kila mtu anaokota jani moja, mmoja anasoma mstari mmoja, MMOJA, halafu wanacheza. Nusu saa, ikizidi sana dakika arobaini. Simu zinabaki kwenye gari isipokuwa yangu ya kupiga picha ile ile kila wiki nikiwa nimesimama pale pale.

Sasa utamu wake ndio huu. Ukienda mahali papya kila wiki unaona rangi tu, ukienda mti ule ule unaona kinachotokea. Mimi mtu mzima nilikuwa sijui kwamba ile njano haiji, ilikuwemo ndani ya jani tangu kiangazi, imefunikwa na kijani. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinavunjika, njano na rangi ya chungwa zinabaki uwanjani peke yao. Nyekundu ndiyo inayotengenezwa upya kwa ile sukari iliyonasa ndani ya jani, ndio maana vuli yenye mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofika barafu inawaka hatari, na vuli ya mawingu mfululizo inakuwa na wekundu hafifu.

Jumapili ya sita au ya saba hivi mwanangu wa kati alichomoa jani lililokuwa bado limeshikilia. Halikukataa, lilitoka na sauti ndogo, tik. Tukasogeza macho. Pale kikonyo kilipokuwa pamebaki kovu dogo kavu, limezibwa kabisa, maana mti wenyewe ndio unaoota ukuta mwembamba pale ukalikata jani, upepo unamalizia tu. Na juu ya lile kovu kuna jicho, yaani chipukizi, dogo kama punje ya mtama, limefungwa kwa magamba, hilo ni la mwaka kesho. Limekuwepo tangu kiangazi, kabla jani halijafikiria kuanguka. Mwaka ule tulikuwa tumemzika bibi yao. Akaliangalia muda mrefu akauliza, kwa hiyo lilikuwa linasubiri? Nikasema ndiyo. Sikuongeza neno, na mnaonijua mnajua hiyo kwangu ni muujiza.

Ushauri mmoja wa bure, msikaushe majani ndani ya Biblia. Nilikuwa na haraka, nikabana jani bichi kwenye Isaya 40, mpaka leo "ua lanyauka" ina doa la kahawia saizi ya kiganja. Tumieni magazeti na matofali.

Haya, na nyie?

KimyaKimya

Naweka kiti hapa, nasoma.

BabaPacha

Mleta uzi umenifurahisha lakini una watoto wenye akili, mimi nina mapacha wa miaka mitatu, kila kilichoko chini wao ni chakula, mawe, kokwa, konokono. Juzi nimetoa kitu mdomoni kwa mmoja nikageuka mwingine ameshaweka chake. Halafu huku mvua siku nne kati ya saba. Nusu saa chini ya mti na Biblia naiona kama ndoto ya mtu mwingine kaka yangu, au dada, sijui.

MtiMmoja

Dada hahaha. Kuhusu mvua hatungoji ikate, tunavaa mabuti na makoti ya mvua tunakaa dakika kumi na tano tunarudi, na ukweli Jumapili za mvua ndizo wanazozikumbuka. Biblia haitoki nje siku hiyo, mstari wanakwenda nao kichwani.

Kuhusu kula, hapo usicheke. Kuna zile kokwa za kahawia zinazong'aa kama zimepakwa mafuta, za mti wa chestnati farasi, zile ni sumu. Zinafanana na chestnati zinazoliwa. Angalia ganda la nje, la kuliwa lina miba mingi myembamba iliyosongamana mpaka linafanana na nungunungu mdogo, la sumu lina miiba michache minene iliyoachana. Na uyoga sisi ni kuangalia tu, hata kama jirani anaapa anaujua. Mapacha wako wape kila mmoja ndoo ndogo, sheria ni kila kitu kinaingia kwenye ndoo. Mikono ikiwa na kazi mdomo unapumzika.

Kibaraza

Naongezea ya usalama halafu niseme langu. Watu wanadhani vuli kupe wameisha, hawajaisha, siku yoyote ambayo barafu haijakamata wale wanaobeba ugonjwa wa Lyme wanaweza kuwa wanatembea, kwa hiyo suruali ndani ya soksi na jioni wakati wa kuoga unakagua nyuma ya magoti, kwapani, nyuma ya masikio na kwenye nywele. Ukimkuta unamshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi unamvuta moja kwa moja, hakuna kumpaka mafuta wala kumchoma na kiberiti. Pia vuli ni msimu wa uwindaji sehemu nyingi, mkiingia misitu inayoruhusu vaeni vizibao vya rangi ya chungwa kali, watoto na mbwa.

Langu sasa. Sisi tunaenda shambani kuokota masazo. Kuna wakulima wakishavuna wanaruhusu watu waingie kuchukua kilichobaki, viazi vilivyoachwa na mashine, tufaa zilizokataliwa sokoni kwa sababu zina kovu, tunajaza magunia tunapeleka kwenye ghala la chakula la wahitaji. Unaomba ruhusa kwanza lakini, usiingie shamba la mtu na gunia unamtaja Ruthu, yule mjane wa Biblia aliyeokota masazo shambani kwa Boazi. Kabla hatujaanza nawasimulia watoto Ruthu na Boazi palepale kwenye matuta, vuli ndio wakati wake hasa.

Mzee wa Mstari

Shikamooni kwa wanaostahili, marahaba kwa wengine. Ndugu yangu Kibaraza kazi yenu ni njema sana, nina marekebisho madogo. Ruthu alifika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, Ruthu 1:22, na shayiri kule huvunwa karibu na Pasaka. Vuli ya Biblia ni zabibu na zeituni. Ukitaka andiko la msimu wenyewe chukua Kumbukumbu la Torati 24:20 na 21, ukiupiga mzeituni usirudie matawi mara ya pili, ukichuma zabibu usirudi kuokota masazo, yaliyobaki ni ya mgeni na yatima na mjane. Hapo ndipo gunia lako lilipo.

Kibaraza

Mzee marahaba yako naidai maana nimekuamkia zamani. Miaka minne nawadanganya watoto wangu kumbe. Asante, narekebisha Jumamosi hii.

Dada_Alto

Jamani mbona wote mchana? Zawadi kubwa ya vuli ni giza la mapema!! Kiangazi huku juu kaskazini watoto wanalala jua bado linawaka, nyota wanazisikia kwenye nyimbo tu. Ikifika Oktoba mwishoni na Novemba saa kumi na mbili jioni kumeshaiva, mtoto wa miaka mitano anaona anga na bado anawahi kulala.

Tunachofanya ni hivi, Ijumaa moja ya mawingu machache tunakwenda mbali kidogo na taa za barabarani, tunatandika turubai na blanketi mbili, chupa ya kinywaji cha moto, wote tunalala chali vichwa vimekutana katikati. Dakika kumi za kwanza hakuna tochi wala simu maana macho yanahitaji muda kuzoea giza, na hizo dakika kumi ndizo za vituko vyote, mmoja anasikia dubu, mwingine anataka kukojoa. Halafu wanaanza kuziona. Mimi nawatafutia Kilimia upande wa mashariki, kile kikundi kidogo kama vumbi la nyota, nawaambia wahesabu. Wengi wanafika sita. Binti yangu akifika saba anatangaza kama kashinda uchaguzi.

Na hapo ndio nawasomea Ayubu 38:31, Mungu anamuuliza Ayubu kama anaweza kuufunga mnyororo wa Kilimia. Biblia yetu inaandika Kilimia, jina letu lile lile la wazee wetu waliokuwa wakikiangalia wajue lini washike jembe. Nilivyomwambia mwanangu kwamba jina linatokana na kulima alinyamaza halafu akasema kwa hiyo Mungu anajua Kiswahili. Sikuwa na hoja ya kupinga.

MtiMmoja

Dada_Alto hii naiiba mchana kweupe.

Nuru_ya_Jioni

Niko Ujerumani, giza la mapema huku ndio sherehe yenyewe. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, watoto wanatembea na taa za kutengeneza wenyewe mitaani wanaimba, sehemu nyingine anatangulia mtu juu ya farasi na joho jekundu, mwisho kuna moto mkubwa. Ni yule askari wa Kirumi wa karne ya nne ambaye inasimuliwa alimkuta maskini anatetemeka kwenye lango la mji wa Amiens, akachomoa upanga akakata joho lake katikati akampa nusu, na usiku akamwona Kristo katika ndoto amevaa ile nusu. Baadaye akawa askofu wa Tours, akafariki mwaka 397. Hata neno kapela, yaani kanisa dogo, linatokana na lile joho lake dogo na mahali lilipotunzwa.

Mimi Mpentekoste, watakatifu sio desturi yetu, mwaka wa kwanza nilijivuta. Halafu nikaona habari yenyewe ni Mathayo 25 inatembea mtaani, nilikuwa uchi mkanivika. Sasa kila Novemba tukishazima taa, watoto wanachagua koti moja moja zuri ambalo bado LINAWATOSHA, sio lililochanika, linakwenda kwa watoto wenye shida. Hapo kwenye "linawatosha" kuna vita kila mwaka siwafichi. Mwaka juzi wa kiume alitoa koti, akalirudia kwenye mfuko usiku, asubuhi akalirudisha tena mwenyewe. Nilijifanya sijaona safari zote mbili.

Taa yenyewe ni rahisi. Chupa ya jemu iliyooshwa, gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, majani yaliyobanwa siku tatu nne, sio wiki maana yanavunjika ukiyakunja kwenye kioo. Unapaka gundi, unalaza jani, juu yake karatasi nyembamba ile ya kufungia zawadi, unapaka tena. Ikikauka na ukaweka mwanga ndani mishipa ya jani inaonekana yote. Waya shingoni wa kushikia. Ndani weka taa ndogo ya betri, nimeshaona mkia wa skafu ukikutana na mshumaa, hapana asante.

Mwanzi

Naona mnaizunguka ile Halloween ya 31 Oktoba, watoto kuvaa mavazi ya kutisha na kuomba pipi mlango kwa mlango, kama hamuioni. Semeni wazi, watoto wenu wanatoka au hawatoki?

SautiKali

Hawatoki. Mafuvu na wachawi na mtoto wa Mungu wapi na wapi. Taa tunazima, tunasali, tunalala.

Mwanzi

Na majirani wakibisha hodi?

SautiKali

Watachoka.

Nuru_ya_Jioni

SautiKali msimamo wako nauheshimu lakini kuzima taa na kujificha kwenye nyumba yako mwenyewe watoto wanajifunza nini, kwamba siku hiyo ina nguvu kuliko sisi? Mimi mafuvu siyaweki, mavazi ya kutisha hawavai, lakini mlango nafungua, huo ndio usiku pekee kwa mwaka mtaa mzima unakuja kwangu wenyewe.

Mzee wa Mstari

Niingilie kabla halijachacha. Halloween asili ya jina lake ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya tarehe 1 Novemba, na tarehe 2 ni Marehemu Wote. Tarehe 31 hiyo hiyo Walutheri wanakumbuka Luther na hoja zake 95 za Wittenberg mwaka 1517. Kwa hiyo mzazi anayo mambo ya kufanya bila kugusa mafuvu wala kujifungia. Sisi nyumbani tulikuwa tukiwapeleka watoto makaburini mchana, kila mmoja na ua lake na brashi ndogo, wanasafisha jiwe, wanasoma jina na miaka, wanatoa hesabu alikufa na umri gani. Watoto hawaogopi makaburi mchana. Tunaoogopa ni sisi.

Wengine mtalaumu, najua. Kila nyumba na imani yake.

SautiKali

Mzee la makaburi mchana sina neno. Kufungua mlango bado sijashawishika.

MtiMmoja

Tukubaliane kutokubaliana, uzi usije ukafungwa na mods. Sisi nyumbani tunaenda msituni na tochi jioni hiyo, tukirudi mitaa imeshatulia. Sisemi ndio jibu, ni kwamba mimi na baba yao hatukuafikiana tukakuta hilo hakuna anayelipinga.

Kusini_Hasa

Mnatusahau tunaoishi kusini mwa ikweta, Australia, New Zealand na majirani. Huku vuli inaanza Machi, na mnajua ndani yake kuna nini? PASAKA. Kila kitabu cha watoto cha Pasaka kina vifaranga na maua yanachipua, sisi tukifungua dirisha majani yanaanguka na asubuhi kuna baridi. Miaka ya mwanzo niliona tumeibiwa, sasa siwezi kubadilisha. Ibada ya alfajiri tunaifanya nje, watoto wamejifunga mablanketi, giza, miti mingine imeshabaki fito tupu, halafu jua linatoka. Wanawake walikwenda kaburini alfajiri kukiwa bado giza, hilo mtoto wangu hahitaji kuelezwa, vidole vyake vimekufa ganzi analijua.

Nimesoma lile la jicho la mti hapo juu nikasimama kabisa. Wikiendi natafuta langu.

Mzee wa Mstari

Kusini_Hasa umenikumbusha Mwanzo 8:22. Baada ya gharika Mungu anaahidi majira hayatakoma, na wafasiri wetu wa Biblia ya Muungano pale penye kiangazi na kipupwe wakaandika "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi". Pepo za mabaharia! Walijua wanayemwandikia. Wasomeeni watoto hilo halafu waelezeni kaskazi ni nini, somo la siku nzima limepatikana.

Mama wa Kijana

Nyote mna watoto wadogo mnaringa tu. Mimi nina wa miaka kumi na tano, mti hataki, jani hataki, mstari ndio kabisa, akitoka nje ni kama nimemkamata kwa hati ya polisi. Nisaidieni.

Kibaraza

Mama pole, wangu ana kumi na sita. Nilichogundua usimwalike kutembea, mpe kazi ambayo bila yeye haifanyiki. Wangu ndiye mwasha moto. Mimi sigusi. Kuni za vuli zina unyevu kwa hiyo anahangaika kweli, anapasua fito apate moyo mkavu, anatafuta magome, mara ya tatu ukishika anakuwa mfalme. Kwanza hakikisheni mahali panaruhusu moto na ndoo ya maji ipo, majani makavu hayana urafiki. Tukishakaa mimi huwa sina neno la kiroho la kusema, nakaa upande wake, wote tunaangalia moto, hatutazamani. Baada ya saa nzima ndio anauliza. Mara ya mwisho aliuliza kama nimewahi kuacha kuamini. Nikamjibu kweli. Tulirudi saa nne usiku mama yake anafoka chakula kimepoa.

Mama wa Kijana

Hapo kwenye kutotazamana nimekuelewa vizuri sana. Asante kaka.

Dada_Alto

Wapendwa kabla sijasahau, SAA. Sehemu nyingi za Ulaya zinarudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sehemu nyingi za Marekani na Kanada Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka jana saa ya ukutani tulisahau tukafika kanisani saa nzima kabla, milango imefungwa, kwaya nzima ya watu wanne wa familia moja imepiga pasi inatetemeka kwenye ngazi. Mume wangu akasema turudi, nikasema haturudi, tukazunguka kanisa mara saba kama Yeriko, watoto na tarumbeta za mdomo. Mhudumu alipofika kufungua akatukuta mzunguko wa sita akangoja tumalize.

Nuru_ya_Jioni

🤣🤣 na kuta?

Dada_Alto

Zipo. Ila mlango ulifunguka.

Mwanzi

Na Sikukuu ya Vibanda kuna anayefanya? Nimeona familia moja wamejenga uani nikatamani.

Mzee wa Mstari

Walawi 23, siku saba kuanzia tarehe 15 ya mwezi wa saba wa Kiyahudi, huangukia Septemba au Oktoba. Ni sikukuu ya Wayahudi hai, wanaiadhimisha mpaka leo, kwa hiyo tusiigize ibada yao kama mchezo. Lakini kuwajengea watoto kibanda cha matawi mkalala humo mkasoma Nehemia 8, jinsi watu walivyotoka kwenda mlimani kukata matawi wakajenga juu ya dari na nyuani, na furaha ikawa kubwa sana, halafu Yohana 7 Yesu anapaza sauti siku ya mwisho ya sikukuu hiyo hiyo, hilo ni jema. Acheni matundu kwenye paa. Wayahudi huezeka matawi kwa namna ambayo nyota zinaonekana.

Mwanzi

Kwa hiyo Kilimia cha Dada_Alto kinaingia kwa juu. Nimepata wikiendi yangu.

BabaPacha

MREJESHO kama nilivyoahidi moyoni. Nimetoka leo baada ya ibada na ndoo mbili. Mvua ya manyunyu. Nikawaambia kila mtu achague mti wake. Wa kwanza kachagua mti mzuri tu, mwaloni nadhani, kaukumbatia kapata na uchafu shavuni. Wa pili kazunguka bustani nzima, kapita miti yote, kaenda kukumbatia nguzo ya taa. Nimembembeleza, nimemwonyesha majani, hataki, ndio mti wake, na jina kaupa, Daudi.

Mleta uzi nifanyeje, nguzo haipukutishi.

MtiMmoja

Mwachie. Mwende siku moja kama saa kumi na nusu jioni mkasubiri pale, ikiwaka yenyewe mbele yake utaona uso wake.

Mzee wa Mstari

Na mstari anao tayari, Zaburi 1:3, wala jani lake halinyauki.

KimyaKimya

Mzee umeniua 😂 nimetoka kwenye kiti.

BabaPacha

Hahaha haya. Ila sasa anadai Jumapili ijayo twende na chupa ya maji, Daudi ana kiu.

MtiMmoja

Mpelekee maji. Amwage chini kidogo tu, pembeni, asiguse nyaya.